Mume wangu anataka kuuza nyumba ya Chanika tuchimbe kisima shambani. Nitie saini?

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu, maana huku tuliko watu ni wachache na habari hufika kabla ya mwenye habari.

Nina miaka 37, mama wa watoto watatu. Mume wangu alikuwa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Mwaka juzi kampuni ilipunguza watu, naye akawemo. Alipolipwa kiinua mgongo alikaa nyumbani Chanika miezi kadhaa hasemi sana, anashinda na simu. Kumbe ameingia kwenye makundi ya WhatsApp ya kilimo. Siku moja tukiwa mezani akasema, "Mke wangu, mjini tumemaliza."

Tulikuja Muheza kwa sababu mama mkwe ni mtu wa Korogwe, na ndugu zake walitutafutia shamba: ekari nne, nyumba ya vyumba viwili, michungwa ishirini na kitu ya zamani na minazi michache. Tulimlipa mwenye shamba, tukaandikishiana, mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri, basi. Tulihamia Januari mwaka jana. Mimi nilikuwa fundi cherehani Chanika. Nilifunga kibanda changu, nikapakia cherehani kwenye Fuso pamoja na vitanda na watoto.

Sitaki ufikiri nililetwa kwa nguvu. Nilikubali kwa moyo wangu. Mimi nimekulia Kilosa, jembe nimelishika tangu nikiwa mdogo. Mume wangu ndiye amezaliwa Temeke, na kabla ya hapa hajawahi kulima hata mchicha.

Masika ya mwaka jana tulipanda mihogo ekari mbili. Vipando alitupa jirani bure, mtu mwema sana. Mihogo ilistawi, majani mazito, kila apitaye anasifia. Mwezi wa kwanza mwaka huu akaja mnunuzi kutoka Tanga mjini. Mimi ndiye niliyeng'oa shina la kwanza. Nikapasua muhogo kwa panga, ndani una madoa ya kahawia, makavu, yamezunguka kama kutu. Nikang'oa la pili, vile vile. Mnunuzi akachukua panga, akatembea mwenyewe akipasua huku na huku, asiseme kitu. Halafu akalifuta panga kwenye majani, akanirudishia, akapanda pikipiki akaenda zake. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni na gunia mkononi.

Kabla ya hapo tulishapoteza kuku. Tulianza na vifaranga 150 wa chotara, tukawachanja walipokuwa wadogo tukajua tumemaliza. Walipokaribia kuuzwa kikaingia kideri. Asubuhi moja unafungua banda, unakuta wengine wamepinda shingo, wanazunguka pale pale, kinyesi cha kijani kila mahali. Walibaki kumi na wawili.

Kinachotulisha ni kodi ya nyumba ya Chanika, laki moja na nusu kwa mwezi, na cherehani yangu, maana nashona sare za shule na madera ya kina mama wa hapa. Na nyuma ya jiko nimepanda matuta manne ya bamia. Nayamwagilia maji ya kuoshea vyombo, nachuma kila baada ya siku moja. Nyingine nawapelekea mama ntilie wa barabara kuu, nyingine nauza kwa mafungu siku ya gulio. Si hela nyingi, ila chumvi, sabuni na sukari sijamwomba mume tangu tuhamie. Michungwa nayo tulimuuzia dalali yote ikiwa bado mtini, akatupa laki mbili na nusu.

Sasa mume wangu anasema kosa letu ni kutegemea mvua. Anataka tuuze nyumba ya Chanika, tuchimbe kisima kirefu, tuweke pampu ya sola, tupande papai ekari mbili. Ana daftari lenye hesabu zake: ekari moja miche 1,000, mche mmoja matunda 50, tunda moja shilingi 1,000. Ekari mbili anasema ni milioni mia moja. Mnunuzi wa nyumba ameshapatikana kwa milioni 35, na dalali anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Nyumba iko kwa jina la mume, lakini tulijenga wote. Kiwanja alinunua yeye, mabati na madirisha ni cherehani yangu.

Nikimuuliza, "Na tukikosa maji je?" anasema namkatisha tamaa, sina imani naye. Sasa tunaongea mambo ya watoto na chakula tu. Mama mkwe ananiambia mvumilivu hula mbivu. Dada yangu wa Dar ananiambia rudi na watoto wako kabla hamjafilisika, kibanda atanitafutia. Binti yetu mkubwa yuko darasa la tano. Chanika alikuwa shule ya mchepuo wa Kiingereza, sasa yuko shule ya kijiji. Anaongoza darasa, lakini kila Jumapili anauliza tunarudi lini.

Kuna jambo moja zaidi. Kikoba chetu cha Chanika kilipovunjwa nilipata milioni moja na laki sita. Ziko kwa dada. Mume hajui.

Mama, nikitia saini naogopa tutakosa pa kurudi. Nikikataa, naogopa ndoa itaishia hapo. Na hizi fedha nimpe, au niendelee kunyamaza? Usiku mwingine mvua ikipiga bati nafurahi mwenyewe kitandani, nafikiria mbegu, halafu namkumbuka yule mnunuzi wa nyumba, usingizi unakata.

Nivumilie mpaka lini?

Msomaji wa Muheza

JIBU

Marahaba mwanangu. Poleni kwa mihogo na kuku.

Nikikusikia vizuri, shida yako iko hivi. Mlianza shamba pamoja, kwa hiari yenu nyote wawili. Mwaka wa kwanza umewapiga mara mbili. Mwenzako anaona dawa ni kuongeza mtaji, na mtaji pekee uliobaki ni nyumba. Wewe unaona nyumba hiyo ndiyo kamba ya mwisho, ikikatika hakuna nyingine. Wakati huohuo kuna mtu anayewahesabia siku, na kuna siri ya milioni moja na laki sita.

Kwanza nikuulize jambo. Barua yako imeleta maswali mawili yamefungwa fundo moja: tuendelee na shamba, na tuuze nyumba. Nani aliyeyafunga pamoja? Ukimsikiliza mumeo, anayelipenda shamba lazima akubali kuuza. Dada yako naye anataka anayeiokoa nyumba arudi Dar. Mimi nilipokusoma nimeona mwanamke anayefurahia mvua usiku na kufikiria mbegu. Hujaandika popote kwamba umechoka kulima. Huenda jibu lako kwa shamba ni ndiyo na kwa nyumba ni bado, na hapo hakuna anayegombana na mwenzake kuhusu kilimo.

Halafu hili la kwamba shamba limeshindwa. Mihogo ilishindwa na kuku walikufa, ni kweli. Michungwa je? Ilizaa bila ninyi kuigusa. Bamia zimenunua sabuni na sukari mwaka mzima. Sijui kwa nini mambo haya hayamo kwenye daftari la mumeo, lakini nakisia: michungwa ni mali ya wazee na bamia ni mambo ya mke jikoni. Watu wengi wanaotoka mjini hutafuta zao litakalowatoa kwa mkupuo, na lile linaloleta kidogo kila wiki hawalihesabu kuwa kilimo.

Hata hayo mawili yaliyoshindwa, tazama yalishindwa kwa nini. Unayoieleza kwenye mihogo inafanana sana na michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu unaweza kukuachia majani mazuri juu huku chini kunaoza, na husambaa kwa inzi weupe na kwa vipando. Jirani yenu hakuwafanyia ubaya, huenda naye hakujua. Wala si balaa jipya lililowalenga ninyi, kwa sababu wataalamu waliokuwa Amani, wilaya hiyohiyo ya Muheza, waliueleza kwenye miaka ya 1930. Kuku nao walihitaji chanjo ya kurudiwa. Ile ya tone la jicho inayostahimili joto, inayotengenezwa Kibaha, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Nasema haya kwa sababu moja. Kisima kisingeizuia mihogo hiyo kuoza wala kuwaokoa kuku hao. Mumeo anasema kosa ni kutegemea mvua, na huenda siku moja maji yatakuwa ndiyo kikwazo chenu, maana shida ya maji ya Muheza inajulikana. Lakini hasara mlizopata zilitokana na vipando na ratiba ya chanjo, vitu ambavyo havihitaji milioni 35. Hili mwambie kwa upole, kwa kuwa mtu aliyesimama na gunia tupu mbele ya mnunuzi tayari amejisuta kuliko unavyoweza kumsuta wewe.

Tuje kwenye daftari. Miche 1,000 kwa ekari ni sawa, ukipanda mita mbili kwa mbili. Baada ya hapo hesabu inakwenda kwa matumaini. Mbegu za kawaida za papai hutoa pia midume ambayo haizai, ndiyo maana wakulima hupanda miche zaidi ya mmoja kwenye shimo kisha hupunguza, au hununua chotara kwa bei kubwa. Virusi navyo vipo. Tunda lenyewe likiiva halisubiri gari. Na ile shilingi 1,000, ni bei ya wapi? Ya sokoni Dar, au ya dalali aliyesimama shambani kwenu wakati kila mtu ana papai? Ninyi wa Muheza mmeona machungwa yakishuka bei msimu ukifika kileleni. Mwombe mumeo aandike daftari la pili: matunda 20 kwa mche, shilingi 300 kwa tunda, na humo atoe mbolea, dawa, vibarua na usafiri. Akiona bado kuna faida, mna jambo la kuzungumza. Asipoona, ataliona mwenyewe, wala hutakuwa wewe uliyemkatisha tamaa.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoipita haraka kuliko zote: mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri, basi. Hapo nilisimama. Kama shamba hilo ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kuidhinisha uhamisho wa ardhi, hasa mnunuzi anapokuwa mgeni. Kitongoji peke yake hakitoshi. Je, kuna muhtasari wa kikao cha kijiji unaowataja? Je, ndugu wengine wa muuzaji walikuwepo? Kama hakuna, basi mnataka kuuza nyumba yenye jina la mumeo na kuzamisha fedha zake kwenye ardhi ambayo kesho mtoto wa muuzaji anaweza kuja kuidai. Kisima hakihamishiki. Kabla ya mengine yote nendeni ofisi ya kijiji, muulizie kurasimisha na kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kuandikwa majina ya mke na mume. Hapo mumeo atakuwa mshirika wako, maana hakuna mwanaume anayependa shamba lake liwe na doa.

Kuhusu saini yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni la mmoja. Kwa kuwa mmeshahama na nyumba imepangishwa, mtu anaweza kubishana kama bado ni nyumba ya ndoa, hivyo usinichukulie mimi kuwa wakili. Tafuta msaidizi wa kisheria, wilayani wapo na huduma yao ni bure. Jua tu kwamba kuombwa saini maana yake sauti yako ina uzito. Mabati na madirisha uliyonunua kwa cherehani ni mchango, kautajie pia huo.

Njia zilizo mbele yako naziona hivi.

Mnaweza kuuza na kuchimba. Wapo waliofanya hivyo wakafanikiwa, sitakudanganya. Lakini uchimbaji hutanguliwa na upimaji wa maji chini ya ardhi na kibali cha bodi ya maji ya bonde, kwenu ni Bonde la Pangani. Mchimbaji hulipwa kwa mita, na kwa kawaida shimo kavu nalo hulipiwa. Ukanda wetu wa pwani maji mengine hutoka na chumvi, papai halitayapenda. Swali ulilomuuliza mumeo, "Na tukikosa maji je?", ni swali la kitaalamu kabisa, lina mtu wa kulijibu kwa kifaa, na gharama ya kupima ni ndogo mno mbele ya gharama ya kuchimba. Pimeni kwanza, nyumba ikiwa bado yenu. Mtembeleeni pia yeyote wa kata yenu mwenye kisima, mumuulize ni cha mita ngapi, maji yake yana ladha gani, na kiangazi yanakuwaje. Na mkiuza, hakuna lazima yote yaingie ardhini. Lakini jua, kodi ya laki moja na nusu ni 1,800,000 kwa mwaka, na hiyo haina palizi. Ikiondoka, nini kitakachowalisha miezi tisa au kumi ya kusubiri papai la kwanza? Cherehani peke yake?

Mnaweza pia kubaki na nyumba na kulima kidogo kidogo. Vuli huanza Oktoba, muda bado mnao. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, pale Ngomeni, hapohapo wilayani. Wanapima udongo, na kwao mnaweza kuulizia vipando safi vya aina zinazovumilia ugonjwa, au mzalishaji aliyethibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Matuta manne ya bamia yanaweza kuwa kumi kama kuna kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono au tenki la kukinga maji ya bati. Machungwa mnaweza kujaribu kuyauza kwa tenga badala ya kumwachia dalali mti mzima, ingawa hapo wizi na bei ni juu yenu. Ng'ombe mmoja wa maziwa? Mkoa wa Tanga umezoea ng'ombe hao na vituo vya kukusanyia maziwa vipo, lakini ng'ombe anataka majani kila siku, kuogeshwa kupe na chanjo ya ndigana. Hatari ya njia hii iko kwa mumeo. Ni ya polepole, na mwanaume aliyepoteza kazi anaweza kuiona kama kifungo. Akikubali kwa kinywa huku moyoni anasubiri kusema "nilikwambia", mtakuwa mmeahirisha ugomvi tu.

Au wewe urudi Dar na watoto, yeye abaki. Familia nyingi zinaishi hivyo. Binti atapata shule yake, nawe kibanda chako. Lakini nyumba ya Chanika ina mpangaji, kwa hiyo kodi itakatika au utapanga kwingine, jiko litakuwa mawili, na yeye ambaye hajawahi kulima hata mchicha atabaki peke yake na daftari. Dada yako anakupenda, ila yeye hataishi na matokeo ya ushauri wake. Wala mama mkwe. Wala mimi.

Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo wanawake wana fungu lao. Inapitia vikundi vilivyosajiliwa, na si ya kuchukua kesho asubuhi. Itaje kwa kina mama unaowashonea, usikie wanasemaje.

Fedha za kikoba. Sikulaumu. Mama aliyeona mashina ya mihogo yaliyooza, anafanya nini kama si kuweka kitu pembeni? Lakini siri ya fedha ina tabia ya kujulikana siku mbaya, na akisikia kwa mtu mwingine, neno lake la kwamba huna imani naye litakuwa limepata ushahidi. Upande wa pili, ukizitoa leo zinaweza kumezwa na mbegu za papai kabla hujamaliza kueleza. Kuna katikati: kumwambia kwamba zipo, na papo hapo kumwambia ni za nini. Kwa mfano, ni za kupimia udongo, kupimia maji na kununua vipando safi, au ni akiba ya ugonjwa na shule isiyoguswa. Lini umwambie, wewe unamjua mumeo. Ningekuomba tu isiwe katikati ya ugomvi, fedha zikageuka fimbo. Na jiulize kama naye ana kitu ambacho hajakuambia. Kiinua mgongo kiliisha chote? Kuna deni lolote kwenye simu? Mazungumzo ya kufungua mifuko yanafaa yafungue yote miwili.

Sasa swali lako la mwisho, uvumilie mpaka lini. Mama mkwe amesema kweli, mvumilivu hula mbivu. Ila michungwa iliyopandikizwa inavumiliwa miaka mitatu au minne, mihogo miezi kumi, bamia miezi miwili. Kila mkulima anajua anavumilia nini na kwa muda gani. Ninyi wawili hamjawahi kukaa mkaambiana kiasi: misimu mingapi, shilingi ngapi, na kitu gani hakiguswi hata iweje. Ndiyo maana yeye anaona huna subira na wewe unaona hana breki. Labda mazungumzo yaanzie hapo, kabla ya kisima na kabla ya nyumba. Mwambie, "Nataka tufanikiwe hapa, tukubaliane tutajaribu mpaka wapi." Ni tofauti na kumuuliza kuhusu kushindwa.

Msifanye usiku mkishamaliza kuhesabu hela. Fanyeni mkiwa mnatembea shambani, yeye akueleze papai zitakaa wapi. Msikilize mpaka mwisho hata kama hesabu inakuchekesha. Nina hisia, na huenda nakosea maana sijamsikia, kwamba hizo milioni mia moja si za kununulia kitu. Ni za kumrudishia heshima aliyoondolewa siku ile jina lake liliposomwa kazini. Mtu wa namna hiyo ukimpinga kwa namba anasikia anapingwa yeye. Na wewe uliyekulia Kilosa, umewahi kumwambia unachokijua kuhusu udongo na mbegu? Au ulinyamaza ili yeye awe kiongozi? Nauliza tu.

Dalali anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Huo ni muda wa dalali. Nyumba inayotakiwa leo kwa milioni 35 haitakosa mnunuzi mwingine baada ya vuli, pengine kwa bei tofauti kidogo, juu au chini. Hasara ya kusubiri ipo, lakini inapimika.

Binti naye muulizeni, wote wawili mkiwepo, anachokikosa hasa ni nini. Kama ni Kiingereza, vitabu vya hadithi na nusu saa ya mazoezi jioni vitasaidia kwa sasa. Kama ni rafiki zake, hilo ni jambo jingine na halisubiri papai. Usimfanye awe sababu ya kurudi au ya kubaki, ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa darasa la tano.

Mkishazungumza, niandikie tena. Barua hii imenipa maneno yako vizuri sana. Ya mumeo nimepata sentensi mbili tatu tu, na zote za ukali. Ningependa kusikia alichojibu ulipomuuliza mjaribu mpaka wapi.